Radio Caroline: Redio ya Baharini Iliyonyimwa Nchi Kavu

Radio Caroline bado ipo hewani. Msikilizaji aliyeko Suffolk au kaskazini mwa Essex, mashariki mwa Uingereza, akifungua masafa ya kati kwenye kilohezi 648 ataipata, ikipiga rock ya zamani kwa watu waliokua nayo. Leseni yake ilitolewa mwaka 2017, na masafa inayotumia ndiyo yaliyoachwa na BBC World Service mwaka 2011. Meli yake ya mwisho, Ross Revenge, imetia nanga katika mto Blackwater, na mashabiki hupelekwa kwa boti kwenda kuitembelea. Wengi wao husema kwamba Caroline, baada ya kufukuzwa na serikali kwa miaka mingi, hatimaye ilishinda.

Nawaheshimu watu hao, nami ningependa kukubaliana nao. Lakini kituo ambacho mwaka 1966 kilikuwa na meli mbili, ofisi Mayfair katikati ya London, na wasikilizaji kutoka mwambao wa Essex hadi bahari ya Ireland, leo kinaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango ya wanaokipenda, na mtambo wake wa redio umepimwa kufikia sehemu ya kaunti mbili. Huko ni kuporomoka, na sababu zake zinaweza kutajwa moja baada ya nyingine. Jibu lililozoeleka ni kwamba iliuawa na sheria ya mwaka 1967. Jibu hilo lina ukweli, ila limeficha mambo makubwa zaidi. Sheria ile haikuigusa meli hata kidogo. Iligusa gati, duka la vyakula, mtangazaji wa biashara na mchapishaji wa gazeti. Caroline ilielea miaka mingi baada ya hapo; kilichokatwa ni kamba zilizoiunganisha na nchi kavu, na kila moja ilikatwa kwa mkono tofauti.

Ukiritimba uliozaa meli

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, redio nchini Uingereza ilikuwa mali ya shirika moja, BBC. Televisheni ya biashara ilikuwa imeanza mwaka 1955, lakini redio ya biashara hapana. BBC nayo ilifungwa na makubaliano yake na kampuni za santuri na chama cha wanamuziki: saa za kupiga santuri zilikuwa chache, zikihesabiwa, na muda uliobaki ulijazwa na bendi za studio zilizopiga upya nyimbo za wengine. Usiku vijana waligeukia Radio Luxembourg, iliyosikika kwa kuja na kupotea, na ambako kampuni kubwa za santuri zilinunua muda ili kupiga mali zao wenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana mfumo huo, kwa sababu ndio uliovushwa hadi kwetu. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1956 lilifuata mfano wa BBC, na Radio Tanzania Dar es Salaam iliyolirithi ikabaki redio pekee ya Bara hadi sheria ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi.

Ronan O'Rahilly, kijana wa Ireland aliyekuwa akifanya biashara ya muziki London, alikuwa meneja wa mwimbaji Georgie Fame. Simulizi yake iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba alihangaika na santuri ya mtu wake, akaambiwa kila mahali kwamba nafasi ni za kampuni kubwa. Kama hakuna redio itakayoipiga, basi ataanzisha yake. Mfano alikuwa nao tayari. Radio Mercur ilitangaza kutoka melini nje ya Denmark tangu 1958, Radio Veronica nje ya Uholanzi tangu 1960, na Radio Nord nje ya Sweden tangu 1961. Baba yake alimiliki bandari ndogo ya Greenore, Ireland. Hapo feri ya zamani ya Denmark, Fredericia, ilisimikwa mlingoti na kufungwa mitambo. Jumamosi ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1964, ikaanza kutangaza ikiwa mbele ya Felixstowe, nje kidogo ya maili tatu zilizokuwa mpaka wa maji ya Uingereza. Jina lilitokana na Caroline, binti wa Rais Kennedy.

Mwezi Julai mwaka huohuo iliungana na mshindani wake, Radio Atlanta, iliyokuwa kwenye meli Mi Amigo, ileile iliyowahi kuibeba Radio Nord. Fredericia ikazunguka hadi Isle of Man na kuwa Caroline ya Kaskazini. Mi Amigo ikabaki Essex, Caroline ya Kusini. Fizikia iliwasaidia. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri vizuri mno juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo mtambo wa kilowati kumi ulioelea baharini ulisikika safi kuliko ambavyo ungesikika ukiwa juu ya ardhi kavu. Mwishoni mwa mwaka ikaja Radio London, yenye fedha za wafanyabiashara wa Texas, kwenye meli iliyokuwa ya jeshi la majini la Marekani, na wengine wakaingia kwenye ngome za zamani za vita zilizosimama mlangoni mwa mto Thames.

Sheria iliyolenga gati

Serikali ya Harold Wilson ilikuwa na tatizo la kweli kisheria. Meli zilikuwa bahari kuu, zimesajiliwa nchi nyingine, na hakuna askari wa Uingereza aliyekuwa na haki ya kuzipanda. Mwezi Januari 1965, nchi za Baraza la Ulaya zilitia sahihi mkataba huko Strasbourg uliotoa njia: kila nchi iwabane raia wake wenyewe. Serikali ilisita, kwa sababu wasikilizaji walikuwa pia wapiga kura.

Kilichoiondolea kusita kilitokea Juni 1966. Reginald Calvert, mmiliki wa Radio City iliyokuwa kwenye ngome ya Shivering Sands, alipigwa risasi na kufa nyumbani kwa Oliver Smedley, mkurugenzi wa zamani wa Radio Atlanta, katika ugomvi juu ya mtambo. Smedley aliachiwa huru kwa kuwa alijihami. Lakini tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote bungeni kudai kwamba redio za baharini ni mchezo wa vijana tu. Wiki chache baadaye muswada ulikuwa mezani.

Sheria iliyopita mwaka 1967 inafaa kusomwa kwa makini na kila anayejali uhuru wa utangazaji, maana ilitungwa na watu walioelewa redio inaishi kwa nini. Ilikuwa kosa kwa Mwingereza kufanya kazi kwenye redio hizo, lakini hilo lilikuwa sehemu ndogo tu. Ilikuwa kosa pia kupeleka chakula, maji au dizeli, kukarabati mtambo, kusafirisha mtu kwenda melini, kuwapa santuri au kipindi, kununua tangazo la biashara, hata kuchapisha ratiba ya vipindi vyao. Adhabu ilifika kifungo cha miaka miwili. Bunge la Isle of Man lilikataa kuipitisha, kwa sababu Caroline ilikitangaza kisiwa chao kwa watalii. London ikaiingiza kisiwani kwa amri ya Malkia, na mwisho wa Agosti ikaanza kutumika huko.

Tarehe 14 Agosti 1967, saa tisa alasiri, Radio London ilizima mtambo yenyewe. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuzima au zilizima siku hiyohiyo. Caroline haikuzima. Saa sita ya usiku ilipopita, Johnnie Walker na Robbie Dale walikuwa kwenye studio ya Mi Amigo, wakijua kwamba tangu dakika ile kurudi kwao nyumbani kunaweza kuishia mahakamani. Walipiga We Shall Overcome. Walker akazungumza na wasikilizaji juu ya haki ya kuendelea, kisha akapiga All You Need Is Love ya Beatles. Waliosikiliza usiku ule wanaukumbuka hadi leo, na wana haki. Mtangazaji aliyekubali kuhatarisha uhuru wake kwa ajili ya kipindi ni mtu wa kuheshimiwa.

Ila ushujaa haununui dizeli. Ofisi ilihamishiwa Amsterdam, na boti ya huduma ikawa inasafiri kutoka Uholanzi, mwendo mrefu kuliko ule wa kutoka Essex. Makampuni ya Uingereza yaliyokuwa yakitangaza biashara zao yaliondoka mara moja. Alama ya udhaifu ilikuwa imeonekana hata kabla ya hapo: tangu 1966 mwekezaji Philip Solomon aliingia na kampuni yake ya santuri, Major Minor, na nyimbo za kampuni hiyo zikaanza kupigwa kupita kiasi, na muda wa hewani ukauziwa wengine pia waliotaka santuri zao zisikike. Redio iliyoanzishwa kwa sababu kampuni kubwa zilinunua muda wa Luxembourg, sasa ilikuwa ikiuza muda kwa njia hiyohiyo. Baada ya sheria, hilo likawa karibu ndilo pato pekee.

Tarehe 3 Machi 1968, alfajiri, kabla ya matangazo kuanza, tagi za kampuni ya Kiholanzi ya Wijsmuller zilikamata minyororo ya nanga ya meli zote mbili na kuzivuta hadi Uholanzi. Wijsmuller ndiyo iliyokuwa ikiwahudumia, na ilikuwa inadai. Wasikilizaji waliofungua redio asubuhi walikuta kimya bila neno la kuaga. Caroline ya miaka ya sitini haikukamatwa na polisi. Ilishikwa na mdai wake.

Mrithi aliyechukua nyimbo

Kamba ya pili ilikatwa kwa ustadi zaidi, nayo ilikuwa kamba ya wasikilizaji. Tarehe 30 Septemba 1967, wiki saba tu baada ya sheria kuanza, BBC ilifungua Radio 1. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Tony Blackburn, aliyefanya kazi Caroline na baadaye Radio London. Wenzake wengi walitoka kwenye meli hizohizo, John Peel akiwamo. Hata vibwagizo vya kutambulisha kituo vilitengenezwa na PAMS ya Dallas, kampuni ileile iliyoitengenezea Radio London.

Radio 1 haikuwa nakala kamili. Saa za santuri bado zilibanwa, na sehemu kubwa ya siku ilishirikiana vipindi na Radio 2. Hata hivyo ilitosha. Kijana wa Birmingham ambaye Caroline haikumfikia vizuri sasa alipata muziki ule ule, kwa sauti alizozizoea, bila mkwaruzo na bila hofu ya kupotea dhoruba ikivuma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Caroline ilikufa kwa kushinda. Kilichochukuliwa na BBC ni muziki, watangazaji na namna ya kuzungumza. Jambo ambalo meli ililisimamia zaidi ya nyimbo, yaani kwamba mtu asiye serikali na asiye tajiri mkubwa anaweza kuwa na redio yake, halikuchukuliwa na mtu. Mwaka 1973 redio za biashara ziliruhusiwa hatimaye, LBC na Capital zikiwa za kwanza London mwezi Oktoba, lakini chini ya masharti na gharama ambazo ni makampuni tu yaliyoweza kuzimudu. Wasikilizaji walipewa walichotaka kusikia. Mlango wa kumiliki ukafunguliwa kwa wachache, na kwa sababu muziki ulikuwapo, wengi hawakuona kilichokosekana.

Miaka ya kuelea

Mi Amigo ilinunuliwa mnadani mwaka 1972 na kurudi baharini mbele ya Scheveningen. Kwa miaka miwili Uholanzi ikawa nchi kavu yake mpya, mpaka nayo ilipopitisha sheria ya namna hiyo, iliyoanza tarehe 1 Septemba 1974. Veronica na wengine wakafunga. Caroline ikang'oa nanga na kurudi Essex, kwenye maji ya Knock Deep katikati ya mafungu ya mchanga, ikihudumiwa kwa siri na boti za usiku. Fedha zilitoka kwa kukodisha muda wa mchana kwa Radio Mi Amigo ya Mbelgiji Sylvain Tack, mwenye kiwanda cha biskuti. Caroline yenyewe ilitangaza usiku, ikipiga albamu nzima nzima, na miaka hiyo ilikuwa na ladha yake ya pekee ambayo hakuna redio ya nchi kavu iliyoithubutu. Lakini mwenye nyumba alikuwa amegeuka mpangaji wa usiku.

Mi Amigo ilikuwa na chuma cha mwaka 1921. Jioni ya tarehe 19 Machi 1980, katika upepo mkali, mnyororo wa nanga ulikatika. Meli ikasukumwa maili kadhaa hadi fungu la Long Sand, ikakwama, na maji yalipojaa ikaanza kupigwa chini na kuinuliwa, ikipasuka. Waliokuwamo walikuwa wanne, pamoja na chiriku wa kufuga waliyemwita Wilson, jina la waziri mkuu aliyepitisha sheria. Pampu zilishindwa. Karibu na saa sita ya usiku watangazaji Stevie Gordon na Tom Anderson waliwaambia wasikilizaji kwamba wanaondoka, wakaaga, wakapiga kibwagizo cha kituo. Boti ya uokoaji ya Sheerness ilijisogeza ubavuni mara kwa mara gizani, mawimbi yakiitenga, mpaka ilipowachukua wote na ndege wao. Meli ikazama, mlingoti wake ukabaki umesimama juu ya maji kwa miaka sita.

Tukio hilo huitwa ajali ya bahari, na bahari ilikuwamo. Ila meli ya umri ule haiachwi miaka mingi bila kupandishwa chelezoni isipokuwa na mtu asiye na bandari ya kuipokea. Hakuna bandari ya Uingereza wala Uholanzi ambako ingeingia kwa matengenezo bila kukamatwa. Sheria ya 1967 na ile ya 1974 zilikila chuma chake taratibu.

Masafa na maili

Mwezi Agosti 1983 Caroline ilirudi na Ross Revenge, meli kubwa ya uvuvi wa chewa iliyotumikia Grimsby, yenye mtambo wa kilowati hamsini na mlingoti wa futi 300. Kwa muda ilionekana kama uhai mpya. Lakini mambo matatu yalikuwa yamebadilika.

La kwanza ni masafa. Msikilizaji wa muziki alikuwa anahamia FM, yenye stirio na usafi ambao masafa ya kati hayawezi. Aliyetaka kutangaza bila leseni sasa alifunga mtambo mdogo wa FM juu ya ghorofa la London, kwa gharama ya sehemu ndogo mno ya meli. Kiss FM ilianza hivyo mwaka 1985 na kurudi hewani kwa leseni 1990. Uasi wenyewe ulikuwa umehamia nchi kavu.

La pili ni fedha. Caroline sasa iliishi kwa kukodisha muda kwa Radio Monique ya Kiholanzi na kwa wahubiri wa Marekani ya Kaskazini waliolipia saa za jioni.

La tatu ni ramani. Oktoba 1987 Uingereza ilipanua maji yake kutoka maili 3 hadi 12. Ross Revenge ilikuwa imelazimika kuiacha kinga ya mafungu ya Knock Deep na kwenda South Falls, mahali pa wazi zaidi. Katikati ya mwezi huo ikaja dhoruba kubwa iliyong'oa miti kusini mwa Uingereza yote. Mlingoti ulistahimili usiku ule, lakini ulidhoofika, na Novemba ukaanguka baharini. Pamoja nao ilianguka nguvu ya kituo; antena zilizofuata zilikuwa za kubangaiza.

Tarehe 19 Agosti 1989 maofisa wa Kiholanzi, wakiwa na Waingereza, waliipanda meli bahari kuu, wakavunja na kubeba mitambo na santuri huku watangazaji wakieleza hewani kinachotendeka hadi walipozimwa. Uhalali wa kitendo kile ulibishaniwa. Mwaka uliofuata bunge likahalalisha kupanda meli za namna hiyo kwa sheria ya utangazaji ya 1990, na matangazo kutoka baharini yakakoma Novemba. Mwaka mmoja baadaye meli ilikatika nanga, ikakwama kwenye fungu la Goodwin, na kuvutwa hadi Dover. Haijatangaza tena ikiwa bahari kuu.

Hesabu ya hasara

Masafa ya kati yenyewe sasa yanahamwa. Absolute Radio, kituo cha biashara cha nchi nzima, kilizima mitambo yake ya masafa hayo Januari 2023. Leseni ya Caroline ilipatikana wakati ambapo wakubwa walikuwa wanatoka. Upande wa redio za biashara, vituo vya mitaa vilivyozaliwa baada ya 1973 vimenunuliwa kimoja kimoja. Mwaka 2020 kampuni ya Bauer iligeuza makumi ya vituo vya miji kuwa sehemu ya mtandao mmoja wenye vipindi vilevile. Msikilizaji wa mji mdogo ana muziki mwingi kuliko O'Rahilly alivyoota, na ana sauti chache za mji wake.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama nchi ina redio huru asihesabu vituo wala nyimbo. Aulize leseni ndogo inagharimu nini, nani anaruhusiwa kuiomba, na kama mwenye duka anaweza kununua tangazo bila kuogopa. Sheria ya 1967 ilionyesha kwamba uhuru wa kusema hewani unaweza kufutwa bila kumgusa anayesema, kwa kuwatisha wanaomlisha. Na Radio 1 ilionyesha kwamba wasikilizaji wakishibishwa, wachache watauliza mwenye redio ni nani.

Jibu la haki lilikuwapo tangu mwanzo: kutenga masafa madogo, kwa ada ndogo, kwa watu wa mahali wasio na hisa sokoni. Uingereza iliweka utaratibu kamili wa redio za jamii mwaka 2004, miaka 37 baada ya kuzifukuza meli. Katika miaka hiyo mitambo ilivunjwa, watu walishitakiwa, meli moja ilizama na nyingine ilikwama, kwa kugombea kitu ambacho karani mmoja wa serikali angeweza kukitoa kwa karatasi. O'Rahilly alifariki Aprili 2020, akiwa ameiona Caroline ikipata leseni. Ilikuwa leseni aliyostahili kupewa mwaka 1964, na kila nchi inayoandika sheria za utangazaji leo ina nafasi ya kutoirudia miaka hiyo 37.